Nani Hulipia Kicheko? Msamiati wa Mchezo na Furaha katika Shakespeare na Mtihani wa Mfasiri wa Kiswahili

1. Utangulizi

Uhakiki wa tafsiri za Shakespeare kwa Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, uhakiki wa mambo mazito. Tangu Mwalimu Julius Nyerere achapishe tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, maswali yaliyopewa kipaumbele yamekuwa yale ya siasa na uongozi, ya sheria na riba, na ya uwezo wa Kiswahili kubeba ushairi usiofungwa na vina. Ni nadra kwa mhakiki kusimama mbele ya maneno yanayoonekana mepesi, yale yanayohusu kicheko, mzaha, mchezo na furaha. Maneno haya huchukuliwa kuwa hayana taabu: mfasiri hufungua kamusi, huokota kisawe, huendelea na safari.

Makala haya yanadai kwamba taabu kubwa imejificha papo hapo. Maneno ya Kiingereza yanayotaja burudani na uchangamfu, hususan "sport", "merry", "jest", "revel" na lile lililochelewa kuzaliwa, "fun", yana desturi ya kuficha jambo moja: huitaja furaha bila kumtaja anayeigharimia. Kiswahili, kwa maumbile ya vitenzi vyake, hakimruhusu msemaji kujificha kwa urahisi huo. Mtu akicheza, lugha humuuliza: anacheza na nani, anamchezea nani, au ni yeye anayechezewa? Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili anapolikabili neno "sport" hatafuti kisawe tu. Analazimika kutoa hukumu ambayo mwandishi wa Kiingereza aliweza kuiahirisha. Hukumu hiyo ni kitendo cha uhakiki, na ndiyo itakayochunguzwa hapa kwa kurejelea tamthilia tatu: King Lear, The Merchant of Venice na Twelfth Night.

2. Matabaka ya msamiati

Kabla ya kuziingia tamthilia zenyewe, inafaa kuutazama msamiati huu kihistoria, kwa kuwa maneno yanayoonekana leo kuwa ndugu hayakuzaliwa nyumba moja. Yamkini yanaweza kugawanywa katika matabaka matatu.

Tabaka la kwanza ni la Kiingereza cha Kale, kabla ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066. Humo mna maneno yaliyozaa "glee", "game", "mirth" na "merry" ya leo. Neno lililozaa "glee" lilitaja muziki na burudani kwa pamoja. Lile lililozaa "game" lilimaanisha furaha kabla ya kumaanisha shindano. La kushangaza zaidi ni "dream", ambalo leo ni ndoto, lakini ambalo umbo lake katika Kiingereza cha Kale lilitaja shangwe na sauti za watu waliokusanyika. Katika utenzi wa Beowulf, zimwi Grendel huudhiwa na shangwe hiyo inayosikika kila siku kutoka ukumbini, ilhali yeye yuko nje gizani. Furaha ya tabaka hili ni ya hadhara: ina ukumbi, ina ala, ina wenyeji. Hata hivyo, tayari ina pia mtu wa nje.

Tabaka la pili lilipitia Kifaransa. "Sport" ni kifupisho cha "disport", na asili yake ni wazo la kubebwa mbali, yaani kuondolewa kwenye shughuli na mashaka. "Jest" lilitokana na neno la matendo makuu ya mashujaa, likawa masimulizi ya matendo hayo, hatimaye likashuka hadi kuwa mzaha. "Revel" lina nasaba moja na "rebel": zote mbili hurudi kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuasi. Katika tabaka hili, kufurahi ni kuondoka mahali ulipopangiwa, au kuvuka mpaka uliowekewa.

Tabaka la tatu ni la karne ya 17 na 18. "Amuse", kutoka Kifaransa, lilitumika kwa maana ya kumzubaisha mtu ili asione anachofanyiwa, na makamanda wa vita walisemekana kumfanyia hivyo adui. "Fun" halimo kabisa katika tamthilia za Shakespeare. Lilijitokeza mwishoni mwa karne ya 17 kama kitenzi cha kulaghai, na hata Samuel Johnson alipolitia katika kamusi yake ya mwaka 1755 aliliweka miongoni mwa maneno ya wahuni. Ulaghai huo haujafutika. Katika Kiingereza cha leo, kumcheka mtu bado huelezwa kwa neno hilohilo, na kivumishi chake, "funny", hutaja kwa wakati mmoja kinachochekesha na kinachotia shaka.

Mkabala wa Kiswahili ni tofauti. Maneno mengi yaliyotoka Kiarabu huelekeza kwenye utulivu: "starehe" na "raha" yana asili ya kupumzika, "burudani" ina asili ya ubaridi, na "anasa" ina asili ya kuzoeana na kupata wenzi, kabla ya kuelemezwa upande wa ufahari na hata dhambi. Kwa upande wa pili kuna maneno ya kelele za pamoja: shangwe, nderemo, vifijo, hoihoi. Na kando kabisa, katika kikapu chake chenyewe, yapo yale yenye mlengwa: mzaha, masihara, dhihaka, kejeli, utani. Mzungumzaji wa Kiswahili hachanganyi vikapu hivi kwa bahati mbaya. Anayesema alikwenda kwenye burudani na anayesema alifanyiwa masihara hawaelezi tukio la aina moja. "Sport" ya Shakespeare, kinyume chake, hutembea katika vikapu vyote vitatu bila kubisha hodi.

3. "Sport" kinywani mwa Gloucester

King Lear, iliyoandikwa takriban mwaka 1605 au 1606, hufunguka kwa mazungumzo ambayo wasomaji wengi huyapita haraka ili waifikie hukumu ya mfalme kwa binti zake. Gloucester anamtambulisha Edmund, mwanawe wa nje ya ndoa, kwa Kent. Anakiri uhusiano wao kwa maskhara ya wanaume wa barazani, na anatumia neno "sport" kutaja tendo lililomleta mtoto huyo duniani. Edmund yupo hapo, amesimama, anasikia. Hatajibu neno lolote la kujitetea. Atajibu kwa vitendo katika matendo yanayofuata.

Katika tendo la nne Gloucester anarudi jukwaani akiwa kipofu. Macho yake yameng'olewa nyumbani kwake mwenyewe na Cornwall, aliyekuwa mgeni wake, baada ya Edmund kumsaliti. Hapo ndipo anapoituhumu miungu kwamba huwatendea wanadamu kama watoto watukutu wanavyowatendea wadudu, na neno analolitumia kutaja kusudi la miungu hiyo ni lilelile: "sport".

Si hoja mpya kwamba kauli hii ya pili ni miongoni mwa kauli za kukata tamaa kuliko zote katika tamthilia za Ulaya. Linalosahauliwa ni kwamba Gloucester anajishtaki bila kujua. Aliyekuwa mcheza amekuwa mchezewa. Alimfanya mtu kwa mchezo, akamsimulia kwa mchezo mbele ya mgeni, na sasa anashangaa kuona kwamba mbinguni nako kuna wanaocheza hivyo. Neno moja, likirudiwa baada ya matendo matatu, linafanya kazi ya mzani.

Mfasiri wa Kiswahili akiongozwa na kamusi peke yake, mzani huo huvunjika. Katika onyesho la kwanza muktadha humsukuma kwenye "raha" au "starehe", kwa kuwa mambo yanayotajwa ni ya faragha. Katika tendo la nne muktadha humsukuma kwenye "mzaha" au "kujifurahisha". Kila chaguo, likipimwa peke yake, ni sahihi. Yakipimwa kwa pamoja, ni hasara: msikilizaji wa Kiswahili hataweza kusikia kwamba mzee huyu anaadhibiwa kwa neno lake.

Hata hivyo Kiswahili kinayo njia, na njia hiyo ni bora kuliko inavyodhaniwa. Mzizi -chez- huweza kuvibeba vituo vyote viwili. "Mchezo" ni neno lenye adabu ya kutosha kutajia mambo ya faragha, na ni neno la watoto pia. Isitoshe, mzizi huo hukubali minyambuliko. Gloucester anaweza kuutaja mchezo katika onyesho la kwanza, kisha katika tendo la nne akatumia kauli ya kutendewa: binadamu huchezewa. Hapo tafsiri haifuati tu. Inasema wazi kile ambacho Kiingereza kiliacha kivulini. Nomino "sport" haina mtenda wala mtendwa. Kitenzi "chezewa" hakikamiliki bila wote wawili. Ni kweli kwamba kauli ya kutendea ina matumizi mengine, maana mchezaji huichezea timu yake na hakuna anayeumia. Lakini yambwa ikiwa mtu, Mswahili hana shaka. Kumchezea mtu ni kumfanya chombo.

4. "Merry" katika Venice

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na historia ya Kiswahili, kwa kuwa The Merchant of Venice tayari ina maisha yake katika lugha hii. Inafaa kukumbuka kwamba Nyerere hakukitafsiri kichwa cha tamthilia hiyo; alikihakiki. Mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza aligeuka kuwa mabepari, wingi, na jina la shughuli likawa jina la tabaka. Ujasiri huo wa kwenye jalada ndio unaopendekezwa hapa uingie pia katika maneno madogo.

Kivumishi "merry" hutokea katika vituo kadhaa vya tamthilia hii. Katika onyesho la kwanza kabisa Solanio anamtania Antonio kwamba huzuni yake haina sababu nyingine isipokuwa ukosefu wa uchangamfu. Katika onyesho la tatu Shylock anapendekeza mkopo wa dukati 3,000 kwa miezi mitatu, usio na riba, wenye adhabu ya ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio, na anaieleza adhabu hiyo kwa kuunganisha "merry" na "sport". Katika tendo la pili Jessica anamwita mtumishi Launcelot kwa kivumishi hichohicho, kwa kuwa yeye ndiye aliyeipunguzia nyumba ya babake uchovu wake. Na katika tendo la tano, Belmont, penye mbalamwezi na muziki, Jessica anakiri kwamba muziki mtamu haumletei hali hiyo kamwe. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho katika tamthilia.

Ukifuatwa mfululizo huu, unaonyesha kwamba "merry" ni mali inayogombaniwa. Wakristo wa Venice wanajiona kuwa wenyewe wa uchangamfu. Nyumba ya Shylock ni ya madirisha yaliyofungwa ili ngoma na zumari za barabarani zisiingie. Jessica anatoroka usiku wa vinyago ili aifuate furaha hiyo, akiwa amebeba mali ya babake. Katika onyesho la nane la tendo la pili Solanio anakiigiza kilio cha Shylock juu ya binti na fedha zake, na tunaambiwa kwamba watoto wa mji wamemfuata mzee huyo wakimzomea. Hiyo ndiyo burudani ya Venice, na mlipaji wake anajulikana. Jessica anapofika Belmont, akiwa amevuka mpaka wote, anagundua kwamba neno alilolifuata halimkai.

Swali gumu zaidi ni la ule mkataba. Je, Shylock anatania? Hapa Kiswahili kina silaha ambayo Kiingereza hakina, nayo ni dhana ya utani. Utani si mzaha wa kawaida. Ni uhusiano wenye haki na wajibu, wa kurithiwa au wa kukubaliana, kama ule unaojulikana baina ya Wanyamwezi na Wazaramo nchini Tanzania. Mtani huruhusiwa kusema lisilosemeka, hata msibani, kwa kuwa huyohuyo atashika jembe la kaburi. Ruhusa ya maneno hulipiwa kwa wajibu wa matendo. Na kitenzi chenyewe hupenda kauli ya kutendana: watu hutaniana.

Kwa kipimo hicho, pendekezo la Shylock ni utani wa bandia. Dakika chache kabla ya kulitoa amemkumbusha Antonio kwamba alimtemea mate na kumwita mbwa, na Antonio amejibu kwamba huenda akayarudia hayo. Hapana undugu hapo, hapana ujirani wa wajibu, hapana kutaniana. Anayeuingiza utani mahali pasipo na watani ama anaomba uhusiano huo uanze, ama anautumia kama pazia. Shakespeare hakuamua kati ya haya mawili, na waigizaji wa karne nne wameishi katika nafasi hiyo ya kutoamua. Mfasiri akichagua "utani", anaufanya mkataba kuwa ombi la ujirani lililokataliwa, na Shylock anakuwa mtu aliyenyoosha mkono kabla ya kuukunja ngumi. Akichagua "masihara", anaufanya mtego tangu mwanzo. Akichagua "mzaha", anasimama katikati, na pia anaamsha katika masikio ya hadhira methali isemayo mzaha mzaha hutumbuka usaha. Methali hiyo ni muhtasari wa onyesho la mahakama uliotolewa matendo matatu kabla ya wakati wake. Chaguo la tatu, kwa maoni ya makala haya, ndilo linalofaa, kwa sababu linauhifadhi utata na papo hapo linaitia hadhira tahadhari.

Upungufu wake ni kwamba "mzaha" hauwezi kuwavaa Launcelot na Jessica. Uzi wa "merry" hukatika. Tiba inayopendekezwa ni kuufuma uzi huo kwa mzizi wa -chek-, ambao una kicheko, ucheshi, kuchekesha na kuchekwa. Launcelot ni mcheshi; Antonio hacheki; Shylock, anayeuleta mzaha wa kuchekesha, ndiye hatimaye anayechekwa; na Jessica, katikati ya muziki, hana kicheko. Kauli ya kutendwa hapa inafanya tena kazi ileile iliyofanywa na "chezewa" katika King Lear. Hadhira inaonyeshwa kwamba kicheko cha mji huu kina mtenda na kina mtendwa.

5. Malvolio, na ofisi ya furaha

Twelfth Night ndiyo tamthilia inayolitumia neno "sport" kwa ukatili ulio wazi zaidi, na hata hivyo ndiyo inayojulikana kuwa miongoni mwa vichekesho vya Shakespeare vinavyopendeza zaidi. John Manningham, mwanafunzi wa sheria aliyeiona ikiigizwa Middle Temple, London, tarehe 2 Februari 1602, aliandika katika shajara yake kwamba hila aliyofanyiwa msimamizi wa nyumba ilikuwa nzuri. Kwake yeye, mlipaji wa kicheko hakuwa na uzito.

Malvolio, msimamizi huyo, anakemea kelele za walevi usiku wa manane katika nyumba ya bibi yake. Kwa kosa hilo anaandikiwa barua ya uongo, anaaminishwa kwamba bibi yake anampenda, anavalishwa soksi za manjano, anafungiwa gizani na kuambiwa kuwa ana wazimu. Maria, mbuni wa hila, anaiita "sport" ya kifalme. Sir Toby, anapoanza kuhofia nafasi yake mwenyewe katika nyumba ile, anakiri kwamba haiwezi kuendelezwa hadi mwisho kwa usalama. Fabian, anapoungama, analiunganisha neno hilo na nia mbaya. Ndani ya tamthilia moja neno limepanda jukwaani likiwa sherehe na limeteremka likiwa shtaka. Malvolio anaondoka akiahidi kisasi kwa wote.

Jambo la kuzingatiwa ni cheo cha mlengwa. Malvolio ni mtumishi aliyethubutu kuota kuwa bwana. Kumcheka yeye ni kumrudisha mahali pake, na kwa kicheko cha namna hiyo hapakuwa na pingamizi la dola. Kicheko kinachopanda juu kilikuwa na habari nyingine. Enzi hiyo tamthilia zote zilipaswa kupita mikononi mwa afisa wa malkia aliyeitwa Bwana wa "Revels". Edmund Tilney alishika wadhifa huo kuanzia mwaka 1579 hadi alipofariki mwaka 1610, na kwa hati ya mwaka 1581 alipewa mamlaka ya kukagua michezo ya kuigizwa na kuitoa au kuinyima ruhusa. Neno lenye damu ya uasi lilikuwa limefanywa jina la ofisi ya kuzuia uasi. Mwaka 1642 Bunge, lililoelemea upande wa Wapuritani, liliyafunga majumba ya maigizo kabisa. Wahakiki wengine hawajakosea kuona katika tendo hilo kivuli cha Malvolio, maana Maria alikuwa amekwisha kumwita Mpuritani wa namna fulani.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa mengi kuhusu ofisi kama hiyo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyorithiwa kutoka siku za mwisho za ukoloni, iliweka leseni kati ya mwigizaji na hadhira yake. Ni kwa kufutwa kwa leseni kwamba mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulisimamishwa Kamĩrĩĩthũ mnamo Novemba 1977. Wanakijiji walikuwa wakicheka, na waliochekwa walikuwa wenye uwezo. Kwa hiyo swali la nani hulipia kicheko si la isimu peke yake. Mnyonge akiwa ndiye mlipaji, tukio huitwa burudani. Mwenye nguvu akiwa ndiye mlipaji, huitwa uchochezi. Mfasiri wa Twelfth Night anayelifasiri kila "sport" kwa "burudani" anaitia saini leseni ya Sir Toby bila kuisoma.

6. Je, Kiswahili hakina hatia?

Pingamizi lililo dhahiri ni kwamba hoja hii inakitakasa Kiswahili kupita kiasi. Pingamizi hilo lina uzito. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na methali hiyo haikutoka London. Mashindano ya lelemama mjini Mombasa yalikuwa na nyimbo za kuwaumbua wapinzani. Mipasho na vijembe vya taarab huishi kwa kumlenga mtu bila kumtaja. Muyaka wa Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, hakuwahurumia waliojibizana naye kwa mashairi. Na watoto wa Nairobi, katika mchongoano, humvua mwenzao nguo za heshima mbele ya umati unaoangua vicheko.

Lakini tazama maumbo ya maneno yenyewe. Mchongoano, malumbano, majibizano, kutaniana: yote yana kiambishi -an- cha kutendana. Lugha imeandika sharti la mchezo ndani ya jina lake: anayepiga lazima akubali kupigwa. Siku mmoja wa wachongoaji atakaposhindwa kujibu, au atakapozuiwa, watazamaji hulibadilisha jina la tukio. Hawasemi tena wanachongoana, husema anadhihakiwa. Hakuna anayedai kwamba waja wa Kiswahili ni wapole kuliko wengine. Kinachodaiwa ni kwamba ukatili wao, ukitokea, hulazimika kubadili kauli ya kitenzi, na mabadiliko hayo husikika.

Ipo pia pingamizi ya pili, kwamba mfasiri hana haki ya kuamua pale mwandishi alipoacha wazi. Jibu ni kwamba kutoamua hakumo katika uwezo wake. Akitumia nomino butu kila mahali, "mchezo" na "furaha" bila minyambuliko, atakuwa ameamua tayari: atakuwa amemwondoa mlipaji. Kilicho wazi katika Kiingereza hakibaki wazi kwa kunyamaza katika Kiswahili. Hubaki wazi kwa kuchagua neno ambalo lenyewe lina mizani miwili, kama ilivyo kwa "mzaha" wa Shylock.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba msamiati mwepesi ni mizigo mizito iliyofungwa vizuri. "Sport" na "merry" humpa Shakespeare uwezo wa kuchelewesha hukumu: mtazamaji hucheka kwanza, kisha hugundua alichokicheka. Kiswahili hakiwezi kuuiga ucheleweshaji huo neno kwa neno, lakini kina kauli za kutendea, kutendwa na kutendana, ambazo zikitumiwa kwa uangalifu humleta mlipaji wa kicheko jukwaani kwa wakati unaotakiwa.

Yapo mambo mawili yanayofuata kutokana na haya. La kwanza linahusu tafsiri: mfasiri wa tamthilia hana budi kuyafuatilia maneno haya katika kazi nzima kabla ya kulifasiri hata moja, na kuchagua mzizi, si kisawe. La pili linahusu darasa. Mwanafunzi wa uzamili anayesoma Shakespeare kwa Kiingereza peke yake anaweza kufika mwisho wa Twelfth Night bila kuulizwa kama alicheka na Malvolio au alimcheka Malvolio. Akiisoma akiwa na jukumu la kuitafsiri, swali hilo litamsubiri katika kila kitenzi. Huo ni msaada ambao tamthilia ya Kiingereza inaupata kutoka kwa Kiswahili, na si kinyume chake, na ni sababu ya kutosha ya kuirudisha kazi ya kutafsiri katika mtaala wa uhakiki.